Saa Zilizorudishwa kwa Mkono

Kazi yangu ni kuwarudishia watu saa ambazo mashine imewalia bila haki. Nikiwaeleza hivyo majirani zangu wa hapa Butembo, wanadhani natengeneza saa za ukutani, na mmoja aliwahi kuniletea ya kwake nimtilie betri. Nilimtilia. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Lakini hapa lazima nieleze, la sivyo hutaelewa kwa nini niligombana kwa simu, muhula baada ya muhula, na mwanamume ambaye sikuwa nimemwona uso hata siku moja.

Kituo chetu cha kompyuta kina mashine moja kubwa, imefungiwa katika chumba cha nyuma ambacho hakijawahi kuhitaji kipoza hewa, maana baridi ya Butembo inatosha. Mashine hiyo ndiyo akili ya skrini zote, zile za hapa kwetu na zile za chumba chetu cha Beni, upande wa barabara inayokwenda Mavivi. Skrini zenyewe hazijui kitu. Mtu akikaa mbele ya skrini Beni na kuandika, anaandika ndani ya mashine ya Butembo. Wanaokuja kuandika ni wanafunzi wenye kazi zao za mwisho wa masomo, makarani wa vituo vya afya wanaopanga taarifa za wagonjwa, na watu wa vyama vya kakao. Kwa kuwa mashine ni moja na watu ni wengi, kila mtu hupewa saa zake mwanzoni mwa muhula. Akiingia katika akaunti yake, mashine inaanza kuhesabu, na akitoka inaacha. Asipotoka inaendelea tu, hata kama kiti ni kitupu, na saa zikimwishia, mlango unafungwa hadi muhula mwingine. Mwanafunzi aliyefungiwa mlango hawezi kumaliza kazi yake, na asipoimaliza hasimami mbele ya walimu wake kuitetea. Mwaka wake unapotea hivyo hivyo.

Mashine haijui kujisahihisha. Umeme ukikatika Beni, skrini zinazimika, watu wanabaki wanatazamana gizani, na huku Butembo mashine inaendelea kuwahesabia kana kwamba wanaandika. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nafungua akaunti ya mtu, namwongezea kwa mkono saa alizopoteza, nachagua sababu, kisha naandika jina la shahidi. Sababu zilikuwa nne: umeme, mtandao, hitilafu ya mashine, na radi. Usiicheke radi, kwetu milimani inajua kupiga. Na shahidi lazima awe mfanyakazi wa kituo aliyekuwa ndani ya chumba wakati jambo lilipotokea, aliyeliona kwa macho yake mwenyewe.

Kanuni hiyo ya shahidi ilitungwa na mkurugenzi wetu. Ni mtoto wa wafanyabiashara, na anaamini kwamba ukimwachia mtu wa Butembo dirisha wazi, kesho utakuta ameshafungua duka hapo dirishani. Simlaumu. Kabla ya kanuni, watu walituletea kila aina ya hadithi. Kuna mmoja aliyeomba arudishiwe saa kwa sababu alisinzia mbele ya skrini, na alisinzia kwa sababu misa ya alfajiri ilikuwa ndefu. Mimi ni Mkatoliki, najua misa zetu, karibu nimwonee huruma.

Shahidi wa Beni ndiye niliyegombana naye. Alikuwa mwangalizi wa chumba cha kule, mtu mzima, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mwenye sauti ya kukwaruza kama mtu anayeburuta meza. Kila siku alasiri, kabla hajafunga, alinipigia, akaanza na salamu yetu ya Kinande, kisha habari za courant, yaani umeme.

“Wasingya, mama. Leo courant ilienda midi, saa sita kamili, ikarudia nyuma ya pale kidogo. Batu bote balikuwa ndani.”

“Bote? Ata ule wa kakao mwenye iko analalaka?”

“Ata ye. Alikuwa analala, mais alikuwa ndani.”

Nilicheka, naye alingoja nimalize kucheka ili aendelee. Yeye alikuwa hacheki kazini. Nilimtania kwamba Waprotestanti wanaomba sala ndefu mpaka Mungu anaangalia saa yake, naye akanijibu kwamba ndiyo maana Mungu anaenda kupumzika kwa Wakatoliki, kule hakuna anayemwambia kitu. Basi tulikuwa tumezoeana namna hiyo. Jioni moja alinipigia mara ya pili, nikadhani kuna msiba. Kumbe alikuwa amekumbuka kwamba msichana mmoja aliingia chumbani baada ya umeme kukatika, siyo kabla, kwa hiyo zile saa nilizomwongezea nizitoe.

“Papa, ni dakika tu zile!”

“Mi nilisema alikuwa ndani. Hakukuwa. Ni mi nilisema bongo, si ye. Toa.”

Nikazitoa, huku nikinung'unika kwamba uongo wa dakika haumpeleki mtu motoni. Nilimwona mtu mgumu, na nilimwona hivyo kwa kumpenda, jinsi tunavyowapenda watu wagumu wanaokaa mbali.

Halafu ikaja asubuhi ile ya kwanza. Masasi, yaani risasi, yalianza kulia kwenye mitaa ya jirani na chumba chetu cha Beni. Nani alimpiga nani, sitaki kusema hapa, maana hata sisi tulisikia majibu tofauti kwa kila mwendesha pikipiki. Watu wote waliokuwa mbele ya skrini wakainuka na kukimbia, na mwangalizi akakimbia pamoja nao. Nani hukumbuka kutoka katika akaunti wakati risasi zinalia? Skrini zilibaki zinawaka na viti vitupu. Mashine, huku kwetu Butembo, ikawahesabia viti mchana kutwa, ikawahesabia usiku kucha, mpaka kesho yake mwangalizi alipoweza kurudi na kuzifunga. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi, msichana aliyekuwa amebakiza kurasa za mwisho za kazi yake, alikuta karibu saa zake zote zimeliwa.

Kwa nini sikuzifunga mimi kutoka Butembo? Swali zuri, wengi waliniuliza. Ninaweza. Lakini mimi nikifunga akaunti ya mtu kwa nguvu, kila alichoandika bila kukihifadhi kinapotea. Nilishafanya hivyo siku moja ya mtandao mbovu, na kijana mmoja wa kilimo alipoteza sura nzima juu ya maharage ya Luofu. Alikuja mpaka Butembo kunitazama tu. Hakunitukana, alisimama mlangoni akanitazama. Tangu hapo nilijua kwamba akaunti iliyo wazi na salama ni bora kuliko iliyofungwa kwa nguvu. Acha mashine ihesabu, kazi ya mtu itabaki kama alivyoiacha, na saa nitamrudishia kwa mkono. Ndiyo kazi yangu.

Basi kesho yake nikakaa kuwarudishia. Nikafungua akaunti ya yule msichana wa uuguzi, nikaongeza saa, mashine ikaniuliza sababu. Umeme? Ulikuwepo. Mtandao? Ulikuwepo. Mashine haikuwa na hitilafu yoyote, na mbingu zilikuwa safi. Nilikaa nikiangalia zile sababu nne kama mtu aliyefika sokoni Kirumba na kukuta hakuna anachokihitaji. Nikaenda kwa mkurugenzi.

“Machine haikufanya kosa,” alisema. “Batu balisahau kutoka.”

“Habakusahau, chef. Balikimbia masasi.”

“Naelewa. Mais kukimbia si panne, si kosa ya machine. Tukiandika kukimbia, kesho kila mutu atakuwa alikimbia.”

“Chef, mutu wa Beni hawezi kudanganya juu ya masasi. Yanasikilika.”

“Nitapeleka ku comité,” alisema, na aliposema hivyo nilijua tumeshapotea, maana kamati yetu hukutana kama mvua za kiangazi.

Nilirudi mezani nina hasira mpaka masikio yanawaka. Nikafanya nilichoona ni chepesi kabisa. Nikampigia mwangalizi wa Beni.

“Papa, sema tu courant ilienda. Neno moja. Nitabarudishia bote leo.”

Nikasikia mlango unafungwa kule kwake.

“Courant iko, mama. Ilikuwako jana, na sasa iko. Ata sasa taa inawaka juu ya kichwa yangu.”

“Najua iko! Mais batoto banapoteza mwaka!”

“Najua vile. Nilibaona banalia. Mais we unataka mi niseme bongo mbele ya Mungu juu ya taa yenye inawaka?”

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, mama yangu yu hai na anasoma. Alisema tu, “Nitatafuta namna,” akakata simu.

Namna aliyoitafuta niliijua wiki chache baadaye, masasi yalipolia tena. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini yangu ambayo hunionyesha kila akaunti iliyo wazi, ya Butembo na ya Beni. Habari za masasi zilifika kwanza, kwa simu ya mtu. Nikageuka kuziangalia akaunti za Beni, nikitegemea kuziona zimekaa wazi zote kama mara ya kwanza. Badala yake zilikuwa zinafungwa. Moja, kisha baada ya muda kidogo nyingine, kisha nyingine, kwa mpangilio wa meza kutoka dirishani hadi mlangoni. Kila moja ilihifadhiwa kwanza, ndipo ikafungwa. Hakuna mtu anayekimbia anafunga namna hiyo. Nilielewa kwamba watu wote wamekwisha kutoka, na yule mzee amebaki peke yake chumbani, anakwenda kiti hadi kiti, anahifadhi kazi za watoto wa wenzake na kuzifunga moja moja, wakati risasi zinapita nje.

Alasiri alinipigia kama kawaida.

“Wasingya, mama. Leo hakuna kitu ya kurudisha. Bote balitoka muzuri.”

“Na weye ulitoka saa gani?”

“Mi nilifunga, nikatoka.”

“Papa, unataka kufa juu ya saa?”

“Mi sitaki kufa. Nataka kusema ukweli, na batoto basipoteze mwaka. Donc ninabakia kidogo.”

“Kidogo! Na sasi ikiingia mu dirisha, itakuuliza kama ni kidogo?”

“Usikasirike, mama.”

Nilikasirika. Nilikasirika muhula mzima. Kila mara ilipotokea, na ilitokea tena, niliziona akaunti zikifungwa kwa ule mpangilio wa polepole, na kila iliyofungwa ilinionyesha alipo: sasa yuko meza ya tatu, sasa ameinama kwa yule wa kakao, sasa amefika karibu na mlango. Ya mwisho ikifungwa niliweza kupumua. Mume wangu aliniuliza kwa nini siku hizi narudi nyumbani nimenuna kama mke mwenza. Nilimwambia kuna Mprotestanti mmoja Beni ataniua. Alitaka kucheka, akaniangalia vizuri, akaacha.

Nilimwomba mwangalizi kwa upole, nilimwomba kwa ukali. Nilimwambia hata Petro alisema uongo, na mara tatu, na bado tunampa funguo. Alisema Petro alilia baada ya pale, na yeye ana macho mabaya, hapendi kulia. Nilimwambia ana mke na watoto. Alisema wanafunzi nao wana mama zao. Niliona wazi kwamba kati yangu na yeye kuna neno moja dogo, umeme, lenye kutosha kumtoa katika chumba kile mapema, na kwamba hatalisema. Usiku nililala nikiwaza kama ninamheshimu au ninamchukia. Nadhani vyote viwili vilikuwa kweli.

Kwa mkurugenzi nilikwenda mpaka akaanza kunikwepa kwenye ukumbi. Kamati, kamati. Nilimweleza kwamba kuna mtu anabaki chini ya risasi kwa sababu orodha yetu ina sababu nne badala ya tano. Alisema mwangalizi hakuambiwa na mtu yeyote abaki. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonichoma, maana nilikosa pa kumshika. Hakuna aliyemtuma. Kila mtu alikuwa na mikono safi.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya ukungu. Butembo ilikuwa imefunikwa mpaka hatukuona kanisa upande wa pili wa bonde, na mimi nilikuwa nimevaa koti ndani ya ofisi. Mwenzangu mmoja aliingia na simu sikioni, akasema, “Beni tena. Na leo ni pale pale karibu.” Sikuuliza pale pale ni wapi. Niligeukia skrini.

Zilikuwa zimeanza kufungwa. Ya dirishani ilikuwa imekwisha. Ikafungwa iliyofuata. Nikawa nasema kwa sauti, bila kujali nani ananisikia, “Toka, papa. Toka. Acha hizo.” Ikafungwa nyingine. Nilipiga simu yake, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Zikabaki tatu za watu, na ya kwake mwenyewe kwenye meza ya mwangalizi. Moja kati ya zile tatu ikahifadhiwa, ikafungwa. Zikabaki mbili.

Halafu hakikutokea kitu.

Skrini yangu huonyesha pia, pembeni ya kila akaunti, muda uliopita tangu mtu aguse kibonye mara ya mwisho. Ulianza kupanda, kwenye zile mbili na kwenye ya kwake. Nilisubiri. Kati ya meza na meza yeye hakuchukua muda mrefu kamwe, mwendo wake niliujua kuliko wa mume wangu. Muda uliendelea kupanda. Nilipogeuka nilimkuta mkurugenzi amesimama nyuma yangu, kalamu mkononi, anaangalia ninachokiangalia.

“Ni nini?” aliuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. “Hizi zilifungwa. Hizi mbili bado. Hii ni yake. Hagusi kitu.”

Alielewa. Nilimwona akielewa, kuanzia machoni mpaka midomoni. Miezi yote ile nilimweleza kwa maneno, na maneno yalikuwa yanampita kwa sababu ya mambo mengine mezani pake. Sasa alikuwa anatazama muda ukipanda pembeni ya akaunti ya mtu.

“Andika courant,” alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Barudishie bote. Andika courant tu.”

“Shahidi nani?”

“Niandike mi.”

“Chef, we hukukuwa Beni.”

Sikusema kwa kumkomoa. Nilikuwa sina nguvu ya kumkomoa mtu. Alivuta kiti cha mwenzangu, akakaa karibu nami, na tukabaki hivyo, mkurugenzi na mimi, tukiangalia muda wa mtu asiyegusa kitu. Kuna mwenzetu alileta chai. Ilipoa. Hatukuzifunga zile mbili, wala ile ya kwake. Kuifunga ya kwake kungekuwa kama kumfunika shuka, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa miguu. Simu yake ilikuwa haiiti tena. Nilipika maharage nikayatia chumvi mara mbili, watoto wakayala hivyo hivyo, wakaomba maji. Nilisali rozari. Nilimwambia Bikira Maria kwamba huyu si wa kwetu, lakini amwangalie hivyo hivyo. Ninakumbuka vizuri nilichoomba. Sikuomba awe jasiri. Niliomba awe amekimbia. Niliomba awe ameogopa kama mimi ninavyoogopa, ameacha kila kitu kikiwaka, amevunja mguu wa kiti kwa haraka ya kutoka. Niliomba siku hiyo moja awe mtu wa kawaida.

Asubuhi nilifika kabla ya wote, au nilidhani hivyo. Mkurugenzi alikuwa ameshafika. Alikuwa ameingia mwenyewe ndani ya mashine, na chini ya sababu zetu nne alikuwa ameongeza ya tano: kukimbia. Kamati haikukutana. “Batanisemea,” alisema, “na baniseme.” Nikamshukuru, na ndani yangu nikawaza kwamba sababu imekuja siku moja baada ya kuhitajika. Sikulisema. Lilikuwa limeandikwa usoni pake tayari.

Simu ilikuja jua lilipokwisha kutoboa ukungu, kutoka namba nisiyoijua. Niliishika kwa mikono miwili.

“Wasingya, mama,” ilisema ile sauti ya kukwaruza.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Wenzangu wanasema nilimtukana. Mkurugenzi alitoka ofisini kwake mbio, akaniona ninalia na kucheka, akaegemea ukuta, akafunga macho.

“Uko wapi? Uko muzima? Uliumia?”

“Niko ku kanisa, ngambo ingine ya mji. Niko na bibi na batoto. Simu yangu ilianguka mu njia, hii ni ya pasteur. Hapana, sikuumia.”

“Mungu asifiwe. Papa, Mungu asifiwe.”

Hakuitikia. Kwa mzee wa kanisa, kutoitikia neno hilo si jambo dogo. Kwa nyuma yake nilisikia watoto wengi, na mwanamke aliyekuwa anaita mtu aje kuchukua sahani.

“Mama,” alisema, “niliacha compte mbili wazi.”

“Najua. Niliona.”

“Moja ni ya ule mutoto wa infirmière. Ule mwenye alipoteza saa mara ya kwanza. Nilikuwa nilimwambia, enda, nitakufungia. Nilimwahidia. Nilikuwa karibu na meza yake. Nikasikia pale pale pembeni ya ukuta, na mutu analia. Sikufunga. Sikufunga ata mulango.” Akaendelea kwa haraka. “Miguu ilienda, mama. Mi sikuituma. Niliogopa sana. Nilipita batu mu njia, nilipita ata mama mwenye kubeba mizigo, sikumusaidia.”

Nilitaka kumwambia kwamba ndicho nilichoomba. Kwamba nilipiga magoti juu ya sakafu ya baridi kuomba hicho hicho. Lakini niliisikia sauti yake, nikaelewa kwamba jambo lililonipa furaha kuliko yote mwaka huo ndilo lililomvunja. Alikuwa analia, mtu aliyeniambia hapendi kulia. Furaha yangu ilibaki mdomoni, sikujua niiweke wapi.

“Toa saa ku compte yangu,” alisema. “Ya kazi. Umupatie ule mutoto.”

“Hapana, papa. Ngoja. Hapa chef aliongeza sababu. Iko mupya. Kukimbia.”

“Kukimbia?”

“Ndiyo. Sasa mutu akikimbia, tunamurudishia. Na wewe hautabakia tena. Unasikia? Siku ingine masasi ikilia, unatoka na benzako, unaacha zote wazi. Mi nitarudisha zote.”

Kabla hajajibu nilifungua akaunti ya msichana wa uuguzi. Ilikuwa bado wazi tangu jana, inakula saa zake za muhula mpya. Kurasa zake zilikuwa pale, sentensi ya mwisho imekatika katikati. Nikaandika saa zake zote zilizoliwa, za jana, na juu yake zile za mara ya kwanza ambazo nilikataliwa, na mkurugenzi aliyekuwa amesimama pale aliona ninachofanya, akageuza uso akaangalia nje. Mashine ikaniuliza sababu. Nikachagua ile ya tano. Kisha ikaniuliza shahidi, na hapo nikasita. Namjua mtu wangu. Nilijua atasema hakuwa chumbani, alishatoka, hakuona, na kwamba mtu asiyeona hawezi kuwa shahidi. Nilijiandaa kugombana naye tena. Nilikuwa hata nimeanza kukasirika.

“Papa,” nilisema, “ni ya ule mutoto. Nimeandika saa. Sababu ni kukimbia. Inaniuliza shahidi.”

Nilimsikia anafuta pua. Nilisikia anamwambia mtoto fulani aondoke kidogo.

“Niko,” alisema. “Andika. Mi ni shahidi. Balikimbia bote, na mi pia nilikimbia.”

Nikaliandika jina lake. Halafu, kwa kuwa nilitaka kusikia tena kwamba alikimbia, nikamwomba arudie alichosema. Kanuni haidai shahidi arudie, na yeye aliijua kanuni kuliko mimi, lakini alirudia.